Mama, nipande ngano gani?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina ekari 30 upande wa Olokurto, Narok. Marehemu baba alipanda mbegu ya Robin miaka yote, nami nimeendelea nayo. Msimu uliopita nilipulizia dawa ya kutu, ule ugonjwa wa kuvu wa ngano, mara tatu na bado nikavuna magunia 9 tu kwa ekari. Jirani ananihimiza nibadilishe mbegu, muuza pembejeo ananihimiza niongeze dawa. Naomba unitajie mbegu moja tu inayozaa kuliko zote, nikainunue mapema. – Msomaji, Olokurto

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kumpoteza mzee. Mbegu moja sitakutajia. Kupanda mbegu moja shamba zima ndiko kulikonigharimu ekari 40.

Mwaka 2007 nilipanda Mwamba kila mahali, huku kwetu Mau Narok. Ilikuwa mbegu ya kupendeza, shina nene, suke limejaa, na karibu kila jirani alikuwa nayo. Mwezi wa kumi, asubuhi moja, nilikata katikati ya shamba kwenda kuangalia mtaro. Nilipotokea upande wa pili pindo la sketi lilikuwa limegeuka rangi ya tofali. Nikadhani ni vumbi, nikalikung'uta, likanipaka viganja. Baada ya siku kumi mashina yalikuwa na vidonda virefu vilivyopasuka, vikitoa unga huo huo. Mwenye kombaini alizunguka mara mbili, akazima injini, akashuka na punje kiganjani anionyeshe: nyembamba, zimekunjamana kama mbegu za bizari. Nilipata magunia matatu kwa ekari, na kombaini niliilipa kwa kuuza ng'ombe wawili.

Maelezo ya yaliyonipata niliyapata baadaye, siku ya wakulima pale kituo cha utafiti Njoro. Ile kutu ya shina ni ya ukoo wa Ug99, uliogunduliwa Uganda katika sampuli za mwaka 1998. Ilitisha dunia nzima kwa sababu iliishinda Sr31, jeni ya kinga iliyotoka kwenye nafaka ya rai na ambayo ngano nyingi za nchi mbalimbali ziliitegemea. Mwamba yetu ilikuwa na kinga nyingine, Sr24, kwa hiyo ilisimama wakati nyingine zikianguka, nasi tukakimbilia kuipanda. Mwaka 2006 ikaonekana hapa Kenya kutu ya ukoo ule ule iliyoweza kuishinda Sr24 pia. Ilikuta nyanda zote zimepandwa mbegu yenye kinga hiyo hiyo, ikajilia mwaka uliofuata.

Kisha tukaletewa Robin. Nakumbuka tulivyoifurahia, na baba yako bila shaka aliifurahia. Kinga yake kubwa ilikuwa SrTmp. Mwaka 2014 watafiti wakapata humu humu nchini kutu inayoishinda SrTmp. Kwa hiyo dawa zako tatu zinafanya kazi ambayo mbegu yenyewe ilishaacha kuifanya miaka mingi iliyopita. Jirani yako amekuambia kweli. Kuongeza mpulizo wa nne kwenye Robin ni kumwaga pesa juu ya tatizo usiloligusa.

Kabla hujauliza magunia mangapi, uliza kinga ya mbegu hiyo ni ya namna gani. Kuna mbegu zenye kufuli moja kubwa mlangoni: kutu ikipata ufunguo wake, nyumba yote imekwisha kwa msimu mmoja. Na kuna zenye makomeo mengi madogo, kila moja likimchelewesha mwizi kidogo, hadi kunakucha. Kingbird ni ya kundi hili la pili. Kinga yake hujionyesha mmea ukishakomaa, na haizuii kutu kabisa. Utaona madoa machache, na hapo ndipo wakulima wengi huogopa na kuitupa mbegu nzuri. Usiogope. Chunguza kama vidonda ni vidogo na vimesimama pale pale, au vinaungana na kupanda juu siku hadi siku. Mbegu ya makomeo mengi bado inaweza kuhitaji dawa mwaka mbaya, lakini inakupa muda wa kuifuata dawa hiyo mjini na kurudi.

Kwa kuwa uko juu, kwenye baridi, uliza pia kuhusu kutu ya manjano, ile inayojipanga kwa mistari kwenye jani. Hiyo inapenda ubaridi, na mbegu inayoistahimili kutu ya shina yaweza kuwa dhaifu kwake. Muuzaji akikujibu tu kwamba "inavumilia kutu", muulize kutu ipi.

Jambo la pili huwa halitajwi madukani: rangi ya punje. Mvua ikikukuta ngano imeshakauka shambani, punje zinaweza kuota zikiwa bado sukeni. Kwa kawaida punje nyeupe huota upesi zaidi, nyekundu hulala muda mrefu kabla ya kuamka. Ngano iliyoota sukeni wanga wake umeshaanza kuvunjwa, unga wake hutoa mkate unaonata ndani, na kinu kikiipima kitaikataa au kitakupa bei ya chakula cha mifugo. Huko kwenu kombaini za kukodi huja kwa zamu, na wiki moja ya kusubiri chini ya ukungu wa Mau inatosha kuharibu kazi ya miezi mitano. Mimi nina punje nyekundu kwenye sehemu ninayojua itavunwa mwisho.

Urefu wa msimu utazame, ila usihangaike nao sana. Duma na Ngamia zilitolewa kwa ajili ya sehemu kavu, zinakomaa upesi kabla mvua haijakatika. Mtu wa bondeni huzipanda kwa busara. Ukizipandisha Olokurto zitakuivia katikati ya mvua, na hayo ya kuota sukeni nimeshakueleza.

Ningekuwa wewe, ningegawa hizo ekari 30 hivi: 15 kwa mbegu niliyokwisha kuiona kwa macho ikisimama karibu na kwangu, 10 kwa nyingine yenye kinga tofauti, na 5 za majaribio. Si lazima upate mavuno makubwa kuliko wote kila mwaka. Lazima upate kitu kila mwaka. Na usiichague kwenye karatasi ya duka. Nenda Njoro siku ya wakulima. Pale tangu mwaka 2005 wanapanda ngano zinazotumwa kutoka nchi nyingi zije zijaribiwe na kutu yetu, na karibu yake wanapanda mistari isiyo na kinga kwa makusudi ili iambukize. Utaona mstari umekuwa kahawia hadi chini, na hatua mbili kutoka hapo mwingine wa kijani. Baada ya hapo hutabishana na mtu. Ukinunua, tazama mfuko una kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, kwangua namba, ihakikishe kwa simu ukiwa bado dukani.

SWALI: Mama, kaka yangu anafanya kazi kwenye shamba la ngano Saskatchewan, Kanada. Anasema huko kuna ngano ya majira ya baridi na ngano ya majira ya kuchipua, na kwamba hii ya pili inazaa sana. Anakuja Desemba na anataka kuniletea kilo mbili ndani ya sanduku la nguo, nianze kuizalisha. Mimi niko Moiben. Je, itakubali? – Mpenda Ngano, Uasin Gishu

JIBU: Mwambie kaka asiilete. Hilo kwanza, kisha tuzungumze.

Ngano ya majira ya baridi hupandwa huko kabla ya theluji, na lazima ipitie wiki kadhaa za ubaridi unaokaribia kuganda ndipo ikubali kutoa suke. Ukiipanda Moiben itabaki majani tu, ng'ombe wakushukuru. Ngano ya majira ya kuchipua haidai baridi hiyo. Ngano zetu zote za Kenya ni za aina hiyo, hata kama hatuna majira ya kuchipua. Kwa hiyo kaka yako si wa kukuletea kitu kigeni, unacho tayari.

Kinachobaki ni jua. Kule kiangazi mchana ni wa saa 16 hivi, na baadhi ya ngano zao husubiri urefu huo ndipo zitoe maua. Hapa ikweta mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo ngano ya namna hiyo huchelewa na kukaa majani kwa muda mrefu. Norman Borlaug, kule Mexico kuanzia miaka ya 1940, alikuwa akizalisha ngano mara mbili kwa mwaka: msimu mmoja bonde la Sonora, unaofuata nyanda za Toluca, mamia ya kilomita mbali na juu zaidi. Zilizostahimili kuhamahama huko hazikujali tena urefu wa mchana. Mbegu zetu nyingi za leo zina damu hiyo, ndiyo maana zinatulia hapa. Borlaug mwenyewe alipokuwa na miaka 91, mwaka 2005, alikuja Kenya kupiga kelele juu ya Ug99.

Sasa lile sanduku la nguo. Kuingiza mbegu bila kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka ni kosa la jinai, lakini hata kama lisingekuwa kosa ningekukataza. Kuna ugonjwa wa kuvu uitwao "mlipuko wa ngano" (wheat blast) ulioanzia Brazil mwaka 1985. Mwaka 2016 ukatua Bangladesh, na mwaka 2018 ukaonekana Zambia. Unaweza kusafiri ndani ya mbegu, na suke lililopatwa hugeuka jeupe kabla ya kujaa. Zambia si mbali. Sitaki mtu yeyote wa Moiben awe njia yake kwa sababu ya kilo mbili za mapenzi ya ndugu.

SWALI: Mama, mimi niko Karatu, Tanzania. Mahindi ya chotara nimefundishwa nisirudie mbegu. Je, ngano ninayovuna naweza kuiweka nikaipanda tena? – Mkulima mdogo

JIBU: Unaweza, mwanangu. Ngano hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi, tofauti na chotara. Mimi huirudia misimu mitatu, kisha nanunua mpya. Chukua sehemu ya shamba iliyo safi, pita kabla ya kuvuna ung'oe masuke yasiyofanana na mengine. Ukiona suke lililogeuka unga mweusi kama masizi, usichukue mbegu sehemu hiyo kabisa, kwa sababu ugonjwa huo hujificha ndani ya punje na kwa macho punje utaiona nzima.

Kausha hadi unyevu ufike asilimia 13 hivi. Mwezi mmoja kabla ya kupanda hesabu punje 100, zikunje kwenye kitambaa chenye maji, weka penye joto kidogo, na baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiwa 85 au zaidi, panda kilo 50 kwa ekari. Zikipungua hadi 80 ongeza kilo chache. Chini ya hapo peleka kinuni usage, ununue mbegu nyingine. Fanya kipimo hiki kabla hujaipaka dawa, maana ikishapakwa hairudi jikoni, wala kwa kuku.