Bredauni inanguruma na kuchomoa gia ya tatu: nikarabati gia boksi au ninunue nyingine?

SWALI: Ndugu fundi, ninamiliki bredauni ya Fuso yenye gia sita za mkono, ambayo ninaitumia kuvuta malori yanayoharibika kati ya Lindi, Mtwara na Masasi. Tangu msimu wa korosho uliopita gia boksi imeanza kunguruma katika gia zote, ingawa nikiingiza gia ya tano mlio hupungua sana. Sasa gia ya tatu inachomoka yenyewe ninaposhuka kutoka Newala nikiwa na gari nyuma. Fundi wangu alipofungua nati ya kujazia oili ya gia, oili ilimwagika nje, tena ilikuwa nyepesi kuliko kawaida. Na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiongeza oili ya haidroliki ya winchi bila kuona inakovujia. Fundi mmoja ananishauri ninunue gia boksi ya mtumba kutoka Dar es Salaam, mwingine anataka kubadilisha gia ya tatu peke yake. Gari liko Masasi na ninapanga livutwe hadi Mtwara. Nifanye nini?
Mmiliki wa bredauni, Masasi

JIBU: Ndugu msomaji, ninaanza na jambo lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Gari lako lisivutwe hata kilomita moja huku magurudumu ya nyuma yakiwa chini na propela, ile shafti ndefu inayounganisha gia boksi na difu, ikiwa imefungwa. Injini ikiwa imezimwa na gari likiwa fri, magurudumu huzungusha shafti kuu ya gia boksi kupitia difu na propela, lakini shafti ya kati, ambayo kwa kawaida ndiyo inayochota oili chini na kuirusha juu, inakuwa imesimama. Shafti kuu huzunguka ndani ya gia zake zilizosimama, na beringi zake zikiwa kavu. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni takriban kilomita 200, na umbali huo unatosha kabisa kuunguza gia boksi nzima, sembuse iliyokwisha kuanza kulia. Fungueni bolti za propela upande wa difu, muifunge vizuri kwenye fremu au muitoe kabisa, ndipo mvute. Ninaomba usimamie utaratibu huohuo kwa magari ya wateja wako, kwa sababu nimepokea gia boksi nyingi ambazo hazikuharibiwa na safari, bali zilikufa zilipokuwa zinavutwa kupelekwa gereji.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Umeeleza dalili tatu kana kwamba ni matatizo matatu, lakini kwa jinsi ulivyozipanga ninaziona kuwa mnyororo mmoja, na chanzo chake hakiko kwenye gia ya tatu.

Gari lako lina PTO, kile kifaa kinachofungwa ubavuni mwa gia boksi ili kuchukua nguvu na kuizungusha pampu ya haidroliki inayoendesha winchi na mkono wa kunyanyulia. Pampu inapokuwa imefungwa moja kwa moja kwenye PTO, kinachotenganisha oili ya haidroliki na oili ya gia ni sili ya shafti ya pampu. Sili hiyo ikichakaa, oili ya haidroliki hupenya na kuingia ndani ya gia boksi. Tangi la winchi linapungua bila tone kuonekana ardhini, kimo cha oili ya gia kinapanda hadi kumwagika nati inapofunguliwa, na oili yenyewe inakuwa nyepesi. Hayo ndiyo uliyoyaandika, neno kwa neno. Baadhi ya pampu hutengenezwa zikiwa na sili mbili na kitundu kidogo katikati yake, ili sili ya kwanza ikichoka oili itokee nje na mwenye gari aione mapema. Lakini katika magari yanayofanya kazi kwenye vumbi na tope letu, kitundu hicho mara nyingi huwa kimezibwa, au kimepakwa rangi juu na mtu asiyejua kazi yake.

Oili ya gia imewekwa nzito, tena yenye kemikali za kuhimili mgandamizo, kwa sababu meno ya gia na beringi hubanana kwa nguvu kubwa wakati gari linavuta mzigo. Ikichanganyika na ya haidroliki, utando wake unakuwa mwembamba na chuma kinaanza kugusa chuma. Wa kwanza kuumia ni beringi za shafti ya kati. Hapo ndipo maelezo yako kuhusu gia ya tano yanaponisaidia sana. Katika gia boksi nyingi za gia sita za aina hiyo, gia ya tano ni ya moja kwa moja, yaani uwiano wake ni 1.000, na nguvu hupita kutoka shafti ya kuingizia hadi shafti kuu bila kupitia shafti ya kati. Shafti ya kati huendelea kuzunguka, lakini haibebi mzigo. Thibitisha uwiano huo katika kitabu cha gari lako. Ukikuta ndivyo ulivyo, basi mlio unaopungua katika gia ya tano na kurudi katika gia nyingine zote unaelekeza kwenye beringi za shafti ya kati. Mlio wa propela au difu usingebadilika kwa kubadilisha gia, kwa sababu hufuata mwendo wa gari. Na kama ingekuwa rilizi beringi ya klachi, ingelia unapokanyaga pedali na kunyamaza unapoiachia.

Beringi zikilegea, shafti mbili ambazo zilipaswa kukaa sambamba huanza kusukumana na kupishana, na gia iliyoingia hupata nguvu ya kuisukuma itoke. Unaposhuka kutoka Newala, kwenye uwanda wa Makonde, ukiwa na lori nyuma, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, mzigo unageukia upande wa pili wa meno, na gia huchomoka. Kwa hiyo anayetaka kubadilisha gia ya tatu peke yake anaweza kukufungia gia mpya kabisa, nayo ikachomoka vilevile. Sikatai kwamba meno ya kushikia ya gia hiyo huenda yameshakuwa butu, au uma unaoisukuma kuingia umeliwa, au springi ya kuzuia imechoka; hayo yote yapimwe. Ninachosema ni kwamba yapimwe baada ya beringi, na yapimwe kwa filagej, vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi, dhidi ya vipimo vya kitabu, si kwa kutazama tu. Kagueni pia raba za kushikilia injini na gia boksi, maana zikikatika nazo huchomoa gia.

Kabla ya kushusha chochote, mwagieni oili kwenye chombo safi, muiache itulie, kisha mtazame sumaku ya nati ya chini. Ujiuji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vyembamba vinavyometameta kama magamba hutoka kwenye beringi. Chembe za rangi ya shaba hutoka kwenye pete za sinkronaiza, zile zinazolinganisha mwendo gia inapoingia. Pande la chuma lenye kona ni jino la gia lililovunjika. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Ninalitaja hilo kwa sababu bredauni huitwa penye mafuriko, kama ilivyokuwa Mei 2024 wakati mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, na gia boksi iliyo moto ikizama ghafla katika maji hunyonya kupitia bomba lake la kupumulia.

Kuhusu kukarabati au kununua, msimamo wangu ni huu: ganda likiwa zima na shafti zikiwa nzima, karabati gia boksi yako. Badilisha beringi zote kwa pamoja, sili zote, pete za sinkronaiza zilizovuka kipimo, na gia ya tatu pamoja na kola yake, ile pete inayoteleza kuishika, ikiwa meno yamekuwa butu. Gia boksi yako unaijua historia yake, uwiano wake unalingana na difu yako, na tundu lake la PTO ni lile ambalo pampu yako tayari inalikubali. Nunua nyingine ikiwa ganda limepasuka, ikiwa matundu yanayokaa beringi yamepanuka kiasi kwamba beringi mpya inaingia kwa mkono mahali ilipotakiwa kubana, ikiwa meno ya shafti ya kati yamebanduka, au ikiwa sehemu ya shafti kuu inayozungukiwa na gia imegeuka bluu kwa joto. Uharibifu wa namna hiyo ukionekana katika sehemu mbili au tatu, bei ya spea itakimbilia bei ya gia boksi nzima na hakuna sababu ya kushindana nayo.

Ukilazimika kununua ya mtumba, usimtume mtu akiwa na jina la gari tu. Mpe picha ya kibao cha namba kilichopigwa ribiti kwenye ganda, idadi ya meno na kipenyo cha shafti ya klachi, urefu kutoka uso wa injini hadi flenji ya propela, na picha ya tundu la PTO pamoja na vipimo vya bolti zake. Gia boksi mbili zinaweza kufanana kwa nje huku uwiano wa ndani ukitofautiana, na gari la kuvuta magari likifungwa gia boksi yenye gia ya kwanza isiyo na nguvu ya kutosha litaunguza klachi kwenye mlima wa kwanza. Aliyeko dukani aingize gia ya kwanza, azungushe shafti ya kuingizia kwa mkono, na ahesabu ni mizunguko mingapi inayotoa mzunguko mmoja nyuma; hesabu hiyo ilingane na kitabu. Asishtuke shafti hiyo ikichezacheza kidogo pembeni, kwa kuwa ncha yake hushikiliwa na beringi iliyo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Ukwaruzaji anaouhisi mkononi inapozunguka ndio wa kukataliwa. Hata ikipita majaribio hayo, ifunguliwe na kubadilishiwa sili kabla ya kupandishwa, kwa sababu kuishusha tena ukiwa Masasi kutakugharimu zaidi ya sili hizo.

Kwa njia yoyote utakayochagua, sili ya pampu ibadilishwe kwanza, kitundu chake kizibuliwe, na shafti ya pampu ikaguliwe kama imechimbika pale sili inapogusa. Shafti iliyochimbika hula sili mpya kwa muda mfupi. PTO ikirudishwa, gasketi yake iwe na unene uleule wa kiwandani. Unene huo ndio unaoweka uwazi kati ya meno ya PTO na ya gia boksi: yakibana mno hulia kwa sauti nyembamba, yakiachana mno hugongana. Fundi akiweka silikoni mahali pa gasketi, mzuie.

Oili iwe ile iliyoandikwa katika kitabu. Gia boksi yenye pete za shaba ikitakiwa oili ya daraja la GL-4, isijazwe ya GL-5 kwa sababu tu namba ni kubwa. Kemikali za baadhi ya oili hizo zinaweza kuila shaba, na utelezi wake huzuia pete kushika vizuri. Jazeni hadi ukingo wa tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawasawa, endesheni PTO kwa dakika chache, zimeni, kisha pimeni tena, kwa kuwa ganda la PTO nalo hubeba oili yake. Baada ya kilomita 1,000 za kwanza imwageni na mtazame sumaku upya. Katika kipindi hicho pima tangi la haidroliki kila jioni baada ya kazi. Likipungua tena bila kuvuja nje, simamisha gari siku hiyohiyo na umrudishie fundi pampu, si gia boksi.