Kangaga la ukutani: dada, usiling'oe

Dada, umeuliza kama uling'oe kangaga lililoota kwenye ukuta wa bustani mliyopanga huko Yorkshire, maana jirani amekuambia litaubomoa. Vijani mviringo, viwiliwili, kwenye uzi mweusi? Hilo kwa jina la kitaalamu ni Asplenium trichomanes. Mimi ni fundi wa kuta za mawe hapa kaskazini mwa Uingereza na nakuomba uliache.

Kinachobomoa ukuta ni mmea unaonenepa mzizi. Sisi wa pwani tunajua mtini ukiota kwenye gofu unavyopasua ukuta wa matumbawe. Hili ukilibandua utakuta vimizizi kama nywele, vimeshika vumbi la chokaa kwenye ufa, basi. Kwenye kuta hupenda chokaa, kwa hiyo likistawi huenda ukuta wenu bado una udongo wa zamani wa chokaa, ule unaounganisha mawe.

Nasema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikwangua makangaga ukuta mzima, nikaziba viungo kwa saruji kwa kuwa mteja alitaka pawe safi. Baridi mbili hazikupita, mawe yakaanza kumenyeka kama maganda ya kitunguu. Saruji ilizuia unyevu kutoka, maji yakaganda ndani ya jiwe na kulipasua. Tuliibandua yote, tukarudisha chokaa.

Geuza jani uone: chini kuna mistari mifupi ya kahawia, humo ndimo zinamokaa spora, vumbi ambalo kangaga huzaliana kwalo badala ya mbegu. Vijani vikuukuu hupukutika, nyuzi nyeusi zikabaki zimesimama kama waya. Usidhani limekufa. Januari, theluji imefunika bustani nzima, lenyewe bado kijani.

Kulihamisha sikushauri. Niliwahi kutia moja kwenye chungu chenye udongo wa dukani, nikalimwagilia kila siku, likaoza. Baadaye nililaza jani juu ya karatasi usiku kucha, asubuhi nikakuta vumbi la kahawia. Nikalinyunyiza juu ya vipande vya tofali na chokaa kuukuu vilivyolowa, nikafunika kwa plastiki, nikaweka kivulini. Ilichukua miezi kabla ya kutokea vingozi vya kijani vyenye umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa mtoto. Majani yenyewe yalikuja mwaka uliofuata, na siku nilipoyaona nilimwita mke wangu aje atazame.

Kama kuna viungo vilivyolegea kweli, mwambie mwenye nyumba atafute fundi anayejua chokaa, azibe palipo wazi, na paliposhika kangaga aparuke.