Kushusha gari Mombasa: anza na shokomzoba, springi zitangoja

Jumamosi iliyopita, baada ya isha, kijana mmoja wa Mikindani aliniandikia. Ana Toyota Vitz kama yangu, na anataka likae chini. Ameagiza springi fupi kutoka Japani, zimefika, na bado zimo ndani ya boksi chini ya kitanda chake. "Kaka," akasema, "fundi wangu asema shokomzoba za zamani ziko sawa, nizifunge tu springi Jumatatu. Na gari likibaki juu, atazikata kidogo. Wewe wasemaje?"

Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Maneno "atazikata kidogo" yalinirudisha mwaka 2017, kwenye mteremko wa feri ya Likoni, inayovusha watu na magari hadi kisiwa cha Mombasa, mamangu akiwa amekaa kiti cha mbele na mkoba wake wa dawa mapajani. Jambo hili sijawahi kulisimulia lote. Leo nitalisimulia, kwa sababu kijana huyu si wa kwanza kuniuliza.

Sisi tunaopenda gari lililokaa chini tunajuana. Mimi nilipatwa na mapenzi haya nikiwa mvulana, Jumapili jioni pale Lighthouse, nikila mihogo ya pilipili na kutazama magari yakipita polepole barabara ya Mama Ngina. Mengi yalikuwa magari madogo ya kawaida. Lakini moja likija limeinama, tairi limejaa vizuri chini ya madigadi, bila ule uwazi mkubwa unaofanya gari lionekane kama kuku aliyenyanyua mabawa, watu wote waligeuka. Nilijiapia kwamba nami siku moja nitageuziwa shingo.

Mwaka 2016 nikaagiza Vitz yangu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo mwaka ule gari la 2009 ndilo lilikuwa kongwe kabisa ambalo mtu angeweza kulitoa bandarini, na kongwe ndilo nililoliweza. Injini ya 1300, namba ya chesisi inaanza na SCP90. Kumbuka herufi hizo, nitazirudia.

Pesa za springi sikuwa nazo. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja wala sitataja gereji yake, akaniambia springi fupi za dukani ni wizi mtupu. "Chuma ni kilekile, bwana. Nakata mzunguko mmoja na nusu, unakwenda zako." Akachukua greinda. Shilingi 1,500 kwa springi zote nne, chini ya saa tatu kazi imekwisha. Nilipoliona gari limekaa chini, machozi yalinilenga. Jumapili ile nililipeleka Mama Ngina na shingo ziligeuka. Siwezi kukana kwamba nilifurahi.

Nilifurahi siku kumi na moja.

Ijumaa ya wiki ya pili nilikuwa nampeleka mamangu kliniki mjini. Ilikuwa bamvua. Wenzangu wa Likoni wanajua maana yake: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana, tofauti inapita mita tatu. Siku za bamvua, mnamo saa nne asubuhi maji huwa yametoka kabisa. Feri inakaa chini, na mteremko wa gati unasimama kama ngazi. Siku za maji mafu, kujaa na kutoka kukiwa kidogo, huwezi kuuhisi. Siku ya bamvua kavu, hata gari lenye springi zake za kiwandani hulia.

Tuliposhuka upande wa kisiwani, gurudumu la nyuma la kushoto lilining'inia hewani kidogo pale ubao wa feri unapokutana na zege. Nikasikia kishindo cha chuma kwa chuma. Gari likaegemea upande mmoja na tairi likashikana na madigadi. Nyuma yangu malori, tuktuk, na umati wa watu wa feri, kila mmoja na neno lake. Vijana wanne wakalisukuma hadi pembeni, Mungu awalipe. Mamangu akateremka, akaupanda mteremko ule kwa miguu juani, akanisubiri juu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, kwani gari lilikuwa na kosa gani?"

Nilipolirudisha kwa yule fundi, alilizunguka mara moja, akasema, "Ulibeba mtu mzito." Mamangu! Miaka imepita na neno hilo bado linanichoma.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye Vitz, kama kwenye magari mengi madogo ya aina yake, springi ya nyuma husimama peke yake kati ya boriti ya ekseli na bodi. Haijafungwa kwa boliti. Inashikwa na uzito wa gari tu, pamoja na ncha zake zilizotengenezwa zikae sawasawa kwenye viti vyake. Greinda huondoa ncha hiyo. Tena, shokomzoba, ile inayotuliza mruko wa springi, imebaki na urefu wake uleule, kwa hiyo gurudumu likining'inia linashuka mpaka mwisho wake wa zamani huku springi imekuwa fupi. Springi inalegea, inacheza, inahama kitini. Gari likirudi chini inabanwa ikiwa upande. Springi fupi ya kiwandani imepigiwa hesabu hiyo: hata gurudumu likining'inia, bado inagusa juu na chini. Joto la greinda nalo huharibu chuma pale kilipokatwa. Na wale wanaozilainisha springi kwa moto wa gesi mpaka gari linyenyekee wanafanya jambo baya zaidi, kwa sababu chuma cha springi kilipikwa kwa kipimo, ukikipika upya kinakuwa chuma tu.

Nikarudisha springi za kawaida, nikanyamaza miaka minne. Wenzangu walinitania sana, wengine wakasema nimekuwa mzee. Nilikuwa najifunza.

Mwaka 2021 nikanunua springi halali, za Kijapani. Hapa ndipo zile herufi zinaingia. Vitz ya umbo langu nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Yaris, na ndani ya umbo hilohilo kuna KSP90 ya injini ndogo ya silinda tatu, SCP90 kama yangu, na NCP91 ya 1500. Injini hazilingani uzito, na springi za mbele hupimwa kwa uzito. Usinunue kwa kuambiwa "hii ni ya Vitz". Soma namba kwenye kibati cha gari lako, ilingane na iliyoandikwa kwenye boksi. Tein, Eibach, H&R, wote huandika. Muuzaji asiye na boksi wala karatasi, mwache na springi zake.

Na pamoja nazo nikanunua shokomzoba mpya nne, Kayaba. Fundi wangu wa sasa, mzee mmoja wa Majengo ambaye namheshimu kama ami yangu, ndiye aliyenilazimisha. Nilimpelekea springi, hata hakuzitazama. Alilala chini ya gari, akapapasa shokomzoba za nyuma, akanionyesha vidole vyake vimejaa oili. "Springi ni nguvu," akaniambia, "na hiki ndicho kinachoituliza nguvu. Springi yako mpya ni ngumu kuliko ya zamani. Hiki kilichochoka kitaitulizaje?" Springi fupi lazima iwe ngumu zaidi, maana nafasi ya kushuka imepungua. Ile shokomzoba ya zamani ilitengenezwa kutuliza springi laini, na sasa itafanya kazi ikiwa imezama ndani zaidi. Kama tayari imechoka, itakufa baada ya muda mfupi, na gari litaruka kama mpira kila tuta. Tulipozitoa, aliisukuma fimbo ya mojawapo mpaka ndani. Shokomzoba nzima ya gesi hurudi yenyewe taratibu. Yangu ilibaki palepale. Nimekuwa nikiendesha gari lile na mamangu ndani.

Kazi ilichukua siku nzima, na nusu ya siku ilikuwa kutu. Hewa ya bahari yetu hula boliti kimyakimya. Usiku wa kuamkia kazi nilizipulizia zote mafuta ya kulegeza kutu, tena alfajiri nikarudia, na bado mbili za mbele zilikataa mpaka tukatia bomba refu kwenye spana. Agiza boliti na nati mpya mapema, usije ukakwama Jumamosi jioni gari likiwa juu ya stendi. Stendi, nasema, si jeki peke yake.

Nyuma ni rahisi hata inashangaza. Unaegemeza jeki kwenye boriti, unafungua boliti za chini za shokomzoba, unashusha boriti polepole huku ukichunga paipu ya breki isivutike, na springi inatoka kwa mkono. Usisahau raba za juu na chini. Ncha ya springi mpya ikae pale palipotengenezwa ikae, na maandishi yasomeke yakiwa wima.

Mbele ndiko kwenye hatari. Kwenye Vitz hii lazima kwanza utoe waipa na plastiki yote iliyo chini ya kioo, ndipo mkono wako ufikie juu ya stratu, yaani shokomzoba ya mbele iliyofungwa pamoja na springi yake. Kijana msaidizi wa gereji alikuwa tayari ameshatia spana kwenye ile nati ya katikati ya juu, springi haijabanwa. Nilimshika mkono. Nati ile ndiyo inayoizuia springi isifyatuke, na ikifyatuka inavunja taya, inaua. Vibano viwili vizima, kila kimoja upande wake, vikazwe kwa zamu mpaka springi icheze kitini mwake, ndipo nati iguswe. Kama gereji haina vibano, au inatumia waya wa kufungia, ondoka. Heri uonekane mwoga.

Ndani ya stratu kuna raba ya kuzuia vyuma visigongane gari likizama. Karatasi ya springi ikisema ipunguzwe, ipunguze kwa kipimo kilichoandikwa. Hicho ndicho kitu pekee kwenye kazi hii ninachokubali kikatwe.

Mzee alinifunza na jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: boliti zinazopita kwenye bushi, zile raba za viungo vya chini ya gari, zisikazwe kabisa gari likiwa juu. Shusha gari lisimame kwa magurudumu yake, litikise, ndipo ukaze mwisho. Ukikaza likiwa juu, raba ya bushi inakaa imejipinda maisha yake yote na itachanika kabla ya wakati.

Kabla ya yote nilikuwa nimepima kwa futi, kila gurudumu, kutoka katikati yake mpaka ukingo wa madigadi. Jioni nikapima tena. Limeshuka sentimita tatu kasoro kidogo, baada ya mwezi zikatimia tatu, kwa sababu springi mpya huzama kidogo kabla ya kutulia. Chini ya gari palikuwa na sentimita kumi na nne, pamebaki kumi na moja. Hapo niliwaudhi watu. Wenzangu wawili walisema tatu si kushusha, ni kutia aibu. Mimi najibu: leteni gari lenu la sentimita sita tuvuke feri siku ya bamvua, kisha tupite yale matuta ya mtaani ambayo watu wamejijengea wenyewe usiku kwa zege. Kila mwezi wanachomelea ekzosi. Yangu haijaguswa.

Baada ya wiki mbili nikaenda kufanya alaimenti. Gari likishuka, matairi ya mbele hulala kwa juu kuelekea ndani na mwelekeo wake hubadilika. Usipolirekebisha, tairi linaliwa upande wa ndani ambako hulioni, mpaka siku nyuzi zinatokeza. Taa za mbele nazo zielekezwe upya. Na kampuni ya bima niliiandikia kabla sijafunga chochote, wakaliingiza kwenye faili langu. Ilikuwa barua moja tu.

Vijana wangu, mimi sisemi msishushe magari. Shusheni, ni raha, ni uzuri, gari linakata kona kwa utulivu ambao hujawahi kuuhisi. Lakini mnapoweka akiba, wekeni ya shokomzoba kwanza. Narudia: shokomzoba kwanza. Mtu akikwambia za zamani ziko sawa, mwambie alale chini azipapase. Mkikosa pesa, ngojeni. Mimi sikungoja, na aliyepanda mteremko kwa miguu si mimi, ni mzazi wangu. Mwenye kukaa kiti cha pili katika gari lako hakuomba lishushwe.

Mamangu alipanda tena ile Vitz ikiwa na springi zake mpya. Nilimpitisha kwa feri makusudi, maji yametoka. Tulipofika juu, gari halikutoa hata mlio. Alinitazama, akaendelea na tasbihi yake. Nilijivuna siku ile kuliko Jumapili zote za Mama Ngina.

Yule kijana wa Mikindani nilimjibu usiku uleule, kwa urefu, nadhani nilimchosha. Jumatatu hakwenda gereji. Leo asubuhi amenitumia picha mbili za chini ya gari lake: shokomzoba za nyuma zote zinavuja, oili imeshuka mpaka kwenye boriti. Nimemwambia Jumamosi aje Majengo mapema, ami hupenda kuanza kazi jua halijawa kali. Springi azilete hivyohivyo, ndani ya boksi.