Muulize Mjomba Mishale: Singeli yangu wanaimaliza kwa vidole tu

Habari za saa hizi wapenzi wa gemu za kudansi. Mwezi huu barua karibu zote zimetoka Tanga, sijui mmeambiana au ndo upepo wa bahari. Kwa aliyeingia leo: chati ni lile faili linaloiambia gemu mshale upi utokee sekunde ipi ya wimbo, we kazi yako kuukanyaga kwenye mati, lile jukwaa la mishale minne unalosimama juu yake. Toka StepMania ianze 2001, programu ya bure kabisa, mtu yeyote mwenye laptopu anaweza kuchukua wimbo anaoupenda akaupangia stepu zake. Na ndo matatizo yanapoanzia hapo.

Shikamoo Mjomba. Mi niko Ngamiani, barabara ya 12, tuna laptopu moja na mati ya mbao tumeichonga wenyewe. Nimetengeneza chati ya singeli ya BPM 210, nimeweka kila sauti, kila kinanda, mpaka kelele za MC nimezipa mshale. Kwenye kibodi naimaliza na wana wanashangilia. Juu ya mati hakuna hata mmoja aliyefika nusu, binamu yangu kateguka kidole cha mguu. Wanasema chati yangu mbovu, mi nasema hawana mazoezi. Nani yuko sahihi?
Mchonga Mishale, Ngamiani

Marahaba mwanangu. Wako sahihi wao, na binamu mpe pole zangu.

Hebu tupige hesabu kwanza maana naona hukuipiga. BPM 210 ni mapigo 210 kwa dakika, sa we kila pigo umelikata vipande vinne ukaweka mshale kila kipande, hapo ni stepu 840 kwa dakika, yani 14 kwa sekunde moja. Kwenye kibodi una vidole vinne vinagawana mzigo na kila kidole kimekaa juu ya batani yake hakihami. Kwenye mati una miguu miwili, kila mguu unatakiwa ushuke mara 7 kwa sekunde na bado unasafiri kutoka mshale huu kwenda ule. Wapo watu duniani wanakimbiza strimu, yani mishale mfululizo bila kupumzika, za mwendo huo, sikatai, lakini ni watu wa mazoezi ya miaka na wameng'ang'ania lile bomba la kujishikilia la nyuma ya mashine ya gemu kama abiria wa daladala. Nyie mati ya mbao haina hata bomba.

Dawa ya singeli ni kukata pigo mara mbili tu. Unabaki na stepu 7 kwa sekunde, sawasawa na mtu anayekata pigo mara nne kwenye wimbo wa BPM 105, na hapo watu wanatoka jasho la kweli ila wanafika. Na usiiachie hiyo strimu dakika tatu mfululizo bana, wimbo wenyewe una sehemu MC anaongea na mdundo unapungua, wape watu wapumue hapo.

Lingine, kubwa kuliko hilo. Umesema umeweka kila sauti. Hapo ndo kwenye ugonjwa. Chati nzuri ya miguu inachagua sauti moja na kuifuata, labda ngoma, afu kiitikio kikija inahamia kwenye kinanda, na mchezaji anasikia kabisa kwamba tumehama. Ukifuata vyote kwa pamoja hakuna kinachosikika, ni mvua ya mawe tu.

Na kuna swala la mguu upi. Mtu akikanyaga anapokezana, kushoto kulia kushoto kulia, kama anatembea. Mpangie kushoto, chini, kulia uone: mguu wa kushoto umeanza, wa kulia umeenda chini, sa wa kushoto ndo inabidi upite mbele ya mwenzake ukakanyage mshale wa kulia. Hiyo ndo krosova, tamu sana ukiiweka kwa makusudi, mwili unageuka na mtu anaonekana anadansi kweli. Ila ukiitupia bila kujua, katikati ya strimu, anayecheza atarudia mguu uleule mara mbili na kuanzia hapo miguu yote imepinduka, binamu yako yukoje kidole mpaka leo? Jeki nazo, ule mshale mmoja unaorudiwa rudiwa, mbili tatu zinanoga pale ngoma inapogonga sehemu moja, kumi na sita ni kesi.

Sisemi chati yako itupwe. Watu wa kibodi wana mitindo yao kabisa, mishale miwili mitatu inashuka pamoja ndani ya strimu, na wana mpaka programu yao iliyotokana na StepMania inaitwa Etterna. Andika tu kwenye jina kwamba ni ya kibodi. Halafu nyingine tengeneza ya mati, na kabla hujampa mtu chora mishale minne sakafuni kwa chaki, punguza wimbo mwendo, uitembee mwenyewe pekupeku mwanzo mwisho. Ukijikwaa mahali, hapo pafute.

Mjomba shikamoo, mi ni mama wa watoto wawili Chumbageni na nacheza usiku wakilala. Nimehamisha taarabu kutoka kaseti ya marehemu bibi, nikaitafutia BPM kwa ArrowVortex, ile programu ya kutengenezea chati, mwanzo mishale inaenda freshi kabisa na mdundo, ikifika ubeti wa pili imeachwa, mwishoni haieleweki. Nimehangaika na ofseti wiki nzima. Na kwanini ikiwa na mdundo wa chakacha mishale yangu inakaa kama inachechemea?
Mama Wawili

Marahaba mwanangu, hii barua nimeipenda nikaisoma mara mbili.

Ofseti iache. Ofseti inasema tu pigo la kwanza liko wapi. Mishale ingekuwa imepishana kiasi kilekile kutoka mwanzo mpaka mwisho, hapo ungeilaumu. Yako inazidi kuachana kadiri wimbo unavyoenda, kwaiyo tatizo ni BPM. Shika hii: ukikosea BPM kwa 1 tu, kila dakika inayopita unapishana na wimbo kwa pigo zima. Hata ukikosea kwa 0.1, dakika tatu zimeshakula karibu theluthi ya pigo, wakati hukumu ya juu kabisa ya usahihi kwenye gemu ya In The Groove inakupa milisekunde 20 na kitu tu huku na huku.

Lakini kwako sidhani kama ulikosea. ArrowVortex inatafuta namba moja ya wimbo mzima, na nyimbo za kompyuta kweli zina namba moja. Taarabu ya kaseti ya bibi imepigwa na watu, mpiga dumbaki akinogewa anaharakisha, mwimbaji akivuta pumzi wanamsubiri, na mkanda wenyewe ukizeeka unavutika. Hakuna BPM moja humo. Inabidi ukae na wimbo, kila baada ya baa nne hivi (baa moja ni mapigo manne), au mbili pale wanapochangamka, usikilize pigo la kwanza limeangukia wapi na uweke BPM mpya hapohapo, 117.4, afu 118.1, afu 117.8. Wimbo ukiwa unacheza bonyeza F7 kwenye StepMania, itapiga kamlio kila mshale unapopita, utasikia mara moja kamlio kakitangulia ngoma au kakibaki nyuma. Ni kazi ya jioni mbili tatu, sikudanganyi, ila ikikubali utasikia raha ambayo mwenye nyimbo za kompyuta haijui. Na wimbo uhifadhi kwa faili la OGG sio MP3, maana MP3 programu tofauti zinaweza kuianza tofauti kidogo, we umepima huku kwa mwenzio imehama.

Kuchechemea sasa. Chakacha inaenda kwa tatu tatu ndani ya pigo, na we nahisi umekata pigo mara nne. Weka gridi, ile mistari ya kupangia mishale, kwenye vipande 12 kwa baa, mishale itakuja na rangi ya zambarau, pigo moja vipande vitatu. Na hapa kuna utamu wa bure: vipande vitatu kwa miguu miwili maana yake kila pigo jipya linaanzwa na mguu mwingine, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kiuno kinafuata chenyewe bila kuambiwa. Bibi angefurahi.

Mjomba mambo. Kuna jamaa mkubwa hapa Makorora kasema mabomu kwenye chati, zile alama za kutokanyagwa, ni uhuni, eti chati halisi ni mishale minne tu kama zamani. Kweli?
Dogo wa Makorora

Poa dogo. Huyo jamaa anaizungumzia Dance Dance Revolution ya Konami ilivyotoka 1998, na kweli mabomu hayakuwepo, hata mshale wa kushikilia haukuwepo, ulikuja 2001. Mabomu yaliletwa na In The Groove, 2004. Sa kama kipimo ni uzamani basi na wa kushikilia nao atupe. Tena Pump It Up ya Korea imeanza 1999 na ina batani tano, nne za pembeni na moja katikati, je hao sio wachezaji?

Mi naona bomu ni alama ya "inua mguu". Likiwekwa pale ambapo ungeuzembea mguu ubaki chini, linakufundisha kusimama vizuri. Likimwagwa skrini nzima mpaka mishale haionekani, hapo mwambie jamaa namuunga mkono.

Nikitaka kuwapa watu chati zangu za bongofleva nawapa na wimbo? – Raskazone

Wape faili la chati peke yake, wimbo wautafute wenyewe kihalali. Stepu ni jasho lako, wimbo una mwenyewe, na sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo. Ukimjua msanii muulize, wengine watafurahi.

Mjomba mati yetu inateleza kwenye tailizi na jirani wa chini analalamika. Tufanyeje? – Wawili wa ghorofani

Tanga nzima baiskeli halafu mnaniuliza mimi. Nendeni kwa fundi baiskeli mkachukue tyubu chakavu, mzipasue, mzigundishe chini ya mati upande wote, haitasogea tena. Kelele itapungua kidogo tu. Jirani mpelekeeni chai na mkate wa mofa, na baada ya saa tatu usiku chezeni za kibodi.