Kwa mnaoanza hali ya hewa: fuata joto kwanza, majina ya mawingu baadaye

Madogo mnaoanza kozi ya hali ya hewa na nyie mliopangiwa vituoni, wengi naona mnaanza kukariri kumulonimbasi, stratasi, sirasi, halafu mtu akikuuliza lile wingu pale limetoka wapi, kimya. Majina yaache kwanza. Ukitazama juu jiulize hii hewa imepandishwa na nini, na imepoa kiasi gani, basi.

Jua haliipashi hewa sana moja kwa moja, mionzi mingi inapita inafika chini, ardhi ndo inashika moto halafu yenyewe inaipasha hewa iliyo juu yake, ndo maana jua linakuwa utosini saa sita lakini joto kubwa la siku unalisoma saa nane saa tisa huko. Hewa ikishapata moto inatanuka, inakuwa nyepesi, inapanda. Huko juu presha ni ndogo kwa hiyo inazidi kutanuka, na kule kutanuka kunakula joto lake yenyewe, inashuka karibu digrii 10 kwa kila kilomita. Wengi mnakwama hapa, mnadhani inapoa kwa vile inakutana na baridi ya juu. Hapana, inajipoza.

Ikipoa mpaka mvuke uanze kugeuka maji, wingu linaanzia hapo, angalia mawingu ya mchana utaona matumbo yote yamenyooka usawa mmoja. Hesabu ya chapchap: chukua joto la hewa, toa joto la kiwango cha umande (lile ambalo hewa ikipoa mpaka hapo mvuke wake unaanza kugeuka maji), zidisha mara 125 upate mita. Hewa 30, umande 22, wingu litaanzia kama mita 1,000 kutoka chini. Ila mvuke unataka pa kushika, vumbi, moshi, chumvi ya bahari. Na ukigeuka maji unarudisha lile joto ulilobeba tangu maji yalipokauka chini, so hewa ndani ya wingu inapoa polepole kuliko mwanzo na inazidi kupanda, ngurumo zote mnazozisikia zinakula mafuta hayo.

Halafu wingu sio mvua jamani. Tone la wingu lina upana wa milimita 0.02 hivi, ili upate tone la mvua la milimita 2 unahitaji kama milioni moja yaungane.

Mkitaka kuyaona haya yote sehemu moja nendeni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani, mawingu yanajengeka nchi kavu. Usiku inageuka, nchi inapoa, upepo wa kila pwani unaelekea ziwani unakutana huko kati, hauna pa kwenda ila juu, ndo zile radi za usiku mpaka alfajiri ambazo wavuvi wa dagaa wanazijua kuliko sisi wenye vyeti. Na kwa vile upepo mkubwa wa huko unatokea mashariki, mvua inasukumwa magharibi, Bukoba inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka wakati Musoma, ziwa hilohilo ila upande wa mashariki, iko chini mno ya hapo.

Sasa mliopo vituoni, kwenye lile boksi jeupe kuna vipimajoto viwili, kikavu na chenye kitambaa kibichi. Cha kitambaa kinasoma chini kwa sababu maji yakikauka yanabeba joto, na tofauti yao ndo inakupa unyevu. Ukikuta vinasoma sawa na nje jua linawaka, usikimbilie kuandika asilimia 100, shika kitambaa kwanza, mara nyingi kimekauka kama mkaa. Kiloweshe, subiri kisome mpaka kitulie ndo uandike, na tumia maji yaliyokenekwa (distilled) yasiyo na chumvi, ya bomba yanaacha magadi kitambaa kinagoma kunyonya.