Subaru inalipuka ukiachilia mafuta? Shuku valvu kwanza

Ndugu yangu, umesema tangu uiwekee hiyo Subaru ya turbo valvu ya kupumulia nje (inayotoa hewa ya turbo ukiachilia mafuta) na ekzosi nene, kila ukibadilisha gia Thika Road inapiga kama risasi, na fundi anataka kubadilisha koili zote nne za plagi. Mwambie angoje.

Sensa ya hewa iko karibu na chujio la hewa. Hewa inayofika kwenye valvu imeshahesabiwa hapo, na kompyuta imeshapima petroli yake. Valvu ikiitema nje badala ya kuirudisha kwenye paipu, petroli inazidi, haiungui yote, inakwenda kulipukia kwenye ekzosi yenye moto. Rudisha ile ya kiwandani siku mbili uone. (Najua, utakosa ule mluzi.)

Ikiendelea, asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe na upitishe mkono karibu na viungio vya ekzosi bila kugusa. Ukihisi pumzi, au ukiona masizi meusi kwenye gasketi, panavuja, na hewa inayoingia hapo huwasha mabaki ya petroli.

Mlipuko ukitokea upande wa chujio, hiyo ni kesi nyingine: petroli haba au taimingi (cheche ya plagi kutoka wakati usiofaa). Kwani nyuma inanuka petroli?