Kurudisha rangi ya ndani ya gari la zamani: niliyojifunza kwenye Mark II yenye viti vya mahameli

Gari langu ni Toyota Mark II ya 1990, ile ambayo mafundi wa Dar es Salaam huiita GX81 kwa namba ya chesisi yake, na ambayo ndani ilitoka kiwandani ikiwa ya rangi ya damu ya mzee kutoka juu hadi chini: viti vya mahameli, kapeti, paneli za milango na dashibodi. Mjomba wangu aliponikabidhi, damu ya mzee hiyo ilikuwa imebaki chini ya viti tu. Sehemu ya juu ya milango ilikuwa imechujuka hadi kuwa ya waridi, mgongo wa kiti cha nyuma ulikuwa kama chai ya maziwa, na dashibodi ilikuwa inanata ukiishika.

Kazi niliifanya nyumbani, chini ya mwembe, kwa wikiendi tano za kipupwe. Ninaandika kwa ajili ya mtu mwenye gari la umri huo ambaye amekwisha kuambiwa kwamba dawa ni kuvisha viti kava na kupuliza dashibodi rangi nyeusi. Kupuliza ni sehemu ndogo kuliko zote. Katika wikiendi zile tano, kopo la rangi nililishika kwa muda usiozidi saa tatu. Muda uliobaki ulikwenda kwenye kufungua, kuosha, kukausha na kuosha tena.

Adui wa ndani ya gari ni jua. Gari lililoegeshwa juani na vioo vikiwa vimefungwa huweza kufikisha dashibodi nyuzi 70 za Selsiasi na zaidi, na joto hilo huyafukuza polepole mafuta ya kulainisha ambayo kiwanda kiliyachanganya ndani ya plastiki. Ule utando wenye mafuta unaoufuta kwenye kioo cha mbele upande wa ndani, kwa sehemu kubwa ndiyo dashibodi yako inayoondoka kidogo kidogo. Miale ya urujuanimno nayo huvunja rangi yenyewe, ndiyo maana nyekundu huishia waridi na kijivu huishia manjano. Hali hii ikishatokea hakuna mafuta wala nta itakayoirudisha. Kinachowezekana ni kuweka rangi nyingine juu yake.

Swali la kwanza, basi, ni rangi gani. Wengi hutaka nyeusi, na mimi pia niliitaka. Nilibadili nia baada ya kuhesabu vitu ambavyo ningelazimika kuvifuata kimoja kimoja: mipira ya milango, kingo za kapeti, vishikio, vifuniko vya skrubu, vifuniko vya nguzo. Ukiacha kimoja tu, kinakusuta kila unapofungua mlango. Tena rangi mpya juu ya plastiki ni utando mwembamba sana, na siku kiatu cha abiria kitakapoukwaruza, kitakachojitokeza ni rangi ya zamani. Damu ya mzee juu ya damu ya mzee, mkwaruzo hauonekani. Nyeusi juu ya damu ya mzee, unaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Na kuweka nyeusi chini ya kioo cha mbele, kwa jua la Dar es Salaam, ni kujitafutia jiko.

Ili kupata rangi halisi, nilifungua kisanduku cha kuwekea karatasi mbele ya abiria, nikatoa kipande cha ndani ambacho jua halikuwahi kukiona, nikakipeleka kwa wachanganyaji wa rangi za magari. Usiwapelekee kipande kilichochujuka, kwa sababu watakutengenezea uchakavu uleule kwa vipimo sahihi kabisa. Waambie pia kwamba unataka rangi isiyong'aa. Dashibodi inayong'aa huonekana yote kwenye kioo cha mbele, na saa nane mchana utajikuta unaitazama hiyo badala ya barabara.

Kabla ya kufungua chochote, piga picha kila kona kwa simu. Viti vya mbele vya gari langu vinashikwa na bolti nne kila kimoja, spana namba 14, na havina siri yoyote. Kazi iko kwenye klipu za paneli za milango, kwani plastiki ya miaka zaidi ya 30 imekauka kama bisi, na ukivuta kwa hasira inakatika. Nilivunja kumi na moja kabla ya kugundua kwamba mlango ukiota jua kwa nusu saa kwanza, klipu hulegea, na kwamba unapaswa kuingiza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa karibu kabisa na klipu yenyewe, si kwenye pembe ya paneli. Klipu za kufanana nazo nilizipata kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani bila shida. Skrubu nilizipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na kikaratasi chake, na sijawahi kubuni jambo la maana zaidi ya hilo maishani mwangu.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa. Paneli ya kwanza niliiosha kwa sabuni, nikaikausha, nikapuliza. Ndani ya dakika mbili rangi ilianza kujitenga na kuacha vishimo vya duara, kama mafuta yanavyojikusanya juu ya mchuzi. Pale palipoonekana kushika, paliganduka siku ya nne nilipopitisha ukucha. Nilidhani nimeuziwa rangi mbovu, na nilikuwa nimeshavaa viatu nikagombane dukani, jirani aliponiuliza gari lile limekuwa likioshwa wapi.

Jibu lilikuwa humo. Kila gari linapooshwa barabarani, kijana humalizia kwa kupangusa dashibodi na milango kwa dawa ya kung'arisha, na nyingi ya dawa hizo zina silikoni. Kwa miaka mingi paneli zangu zilikuwa zimepakwa silikoni kila wiki, na hakuna rangi inayoshika juu yake. Ole wako ukianza kwa kupiga msasa, kwa maana msasa huisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo na hapo ndipo inapohamia kabisa. Utaratibu ulionifaa ulikuwa huu: maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, nikisugua kwa mswaki kwa sababu plastiki ya gari ina vinyweleo kama ngozi na uchafu hujificha humo, kisha kusuuza, kisha dawa ya kuondolea nta na grisi inayouzwa kwenye maduka ya rangi za magari, niliyoipaka kwa kitambaa kimoja cheupe na kuifuta kwa kingine kabla haijakauka, na mwisho spiriti. Nilirudia hadi kitambaa kikatoka cheupe. Kipimo cha mwisho ni maji: yanyunyize juu ya paneli, na kama yanakusanyika matone matone, bado hujamaliza, yakitandaa kama shuka, endelea. Paneli ya dereva niliiosha mara tano. Petroli na tina viweke mbali. Petroli ni moto unaosubiri kiberiti, na tina huyeyusha baadhi ya plastiki hadi ikawa laini kama ubani uliotafunwa.

Baada ya hapo, geuza paneli uangalie nyuma yake, kwani mara nyingi kuna herufi zilizochongwa zinazotaja aina ya plastiki. Ukikuta ABS, rangi itashika baada ya msasa laini wa majimaji, namba 600 kwa mfano, uliopitishwa kwa mkono mwepesi ili vinyweleo visifutike. Ukikuta PP, hiyo ni plastiki yenye asili ya utelezi, na lazima utangulize praima maalumu ya plastiki, yaani rangi ya msingi ya kushikia, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Pasipo na herufi, kata kipande kidogo mahali pasipoonekana ukitie kwenye bakuli la maji: PP tupu huelea, ABS huzama.

Upulizaji wenyewe una mambo machache. Kopo liwe sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye paneli, na mkono uanze nje ya ukingo na uishie nje ya ukingo, ukitembea muda wote. Mkono wa kwanza wa rangi uwe kama umande tu, wala usijali kwamba rangi ya zamani bado inaonekana. Ukingoja dakika 15 au 20 kati ya mkono na mkono, mikono minne myembamba inatosha; mmoja mzito utaziba vinyweleo na kuifanya paneli ifanane na ndoo. Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa rangi, si ile ya kitambaa. Epuka siku za masika, kwa sababu unyevu hewani huifanya rangi ipauke na kuwa na ukungu mweupe ingali inakauka. Kisha iache paneli siku nzima bila kuigusa, hata kama watoto wa nyumba nzima wanataka kuona kama imekauka.

Nyufa za dashibodi ni habari nyingine. Niliziba ufa wangu wa kwanza kwa fila ya bodi, ile ya kunyooshea mabati, na ulipendeza kwa wiki tatu. Dashibodi hutanuka mchana na kusinyaa usiku, ilhali fila ile ni ngumu kama jiwe, hivyo ufa ulirudi pembeni ya kiraka, tena mrefu zaidi. Kinachofaa ni fila inayonepa, iliyotengenezwa kwa plastiki laini, na hata hiyo huwezi kuificha kabisa kwa mtu anayejua kutazama.

Kuhusu viti vya mahameli, ushauri wangu ni mfupi: usivitie rangi. Mimi nilivitia. Nilinunua rangi ya unga ya kutengenezea batiki, nikaichemsha, nikaipaka kwa brashi kwenye mgongo wa kiti cha nyuma, na matokeo yalinifurahisha hadi Ijumaa iliyofuata, nilipompeleka baba mkwe msikitini. Kulikuwa na joto, na mzee alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi kwa wanga. Aliposhuka, mgongo wote wa kanzu ulikuwa na wekundu wenye umbo la kiti, pamoja na mistari ya mishono. Hakusema neno. Alijitazama kwenye kioo cha pembeni, akaomba koti langu, akaingia kuswali akiwa amelivaa.

Sababu ni kwamba mahameli ya magari ya Kijapani ya wakati ule kwa kawaida ni poliesta, na rangi ya batiki ni ya pamba. Poliesta hunywa rangi ya aina yake peke yake, tena kwenye maji yanayochemka, na hakuna namna ya kukichemsha kiti cha gari. Niliifua rangi yote mpaka maji yakatoka safi, halafu nikampelekea fundi wa viti, ambaye alifumua kitambaa kilichokuwa upande uliofichika na kukishonea pale palipochujuka. Viti vingine viliosheka vizuri kwa povu la sabuni laini bila kumwagiwa maji, kwa sababu sponji ikilowa hadi ndani huchukua siku nyingi kukauka na huanza kunuka. Unasugua kwa povu, unafyonza kwa mashine, unakausha kivulini penye upepo.

Kapeti nayo iondoe kabla ya kufikiria rangi yake. Chini ya miguu ya abiria nilikuta maji yaliyotuama na bati lililoanza kuota kutu. Mpira mwembamba unaotoa maji ya kiyoyozi nje ulikuwa umeziba kwa vumbi, na katika hewa ya pwani kiyoyozi hutoa maji mengi. Niliuzibua kwa waya, nikaondoa kutu, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, na ndipo nikarudisha kapeti iliyokauka. Kitambaa cha dari kilichoning'inia kilitaka jambo moja tu ambalo watu huliruka: kukwangua sponji yote ya zamani iliyooza na kuwa unga. Gundi mpya ikipakwa juu ya unga huo inashika unga, haishiki dari, na gundi yenyewe iwe ya kuhimili joto.

Mikanda ya usalama usiitie rangi kabisa, wala usiisafishe kwa kemikali kali, kwani nyuzi zake hudhoofika bila kuonyesha dalili. Ivute yote, ibane kwa kibanio isirudi, ioshe kwa sabuni laini, na iachie ikiwa imekauka kabisa. Gari langu halina mifuko ya hewa, lakini kama lako ni la katikati ya miaka ya 1990 au baadaye, huenda linayo. Chomoa waya hasi wa betri, ngoja zaidi ya sekunde 90 kabla ya kugusa waya zozote za usukani au chini ya viti, na kifuniko cha mfuko usikipulize rangi wala kukitia gundi.

Tangu nilipomaliza, mvua zimepita mara mbili na rangi haijabanduka popote isipokuwa kwenye kishikio cha mlango wa dereva, ambapo pete yangu huigusa kila siku. Mchana ninaweka kizuizi cha jua nyuma ya kioo cha mbele, na milango naipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Ninapolipeleka gari kuoshwa, ninasimama hapo hapo hadi mwisho. Kijana akishika ile chupa ya dawa namwambia aiache, naye huniuliza kila mara, kwa upole wa mtu anayeona umaskini, kama ningependa anipakie bure.